Paa linavuja: uzibe au uezue lote? Hatua za kupitia kabla hujatoa hela

Wadau wa Mwanza na kanda ya ziwa, mvua za vuli zikianza tu kila mtaa swali ni lile lile, paa linavuja nifanyeje, na mara nyingi jibu linatoka kwa fundi aliyesimama getini akaangalia juu kidogo akasema "hili limeisha, toa lote", au kwa jirani anayekwambia paka lami pale panapovuja maisha yaendelee. Wote wawili hawajapanda. Msimamo wangu ni huu na nitaurudia: bati ni kitu cha mwisho kuangalia, kinachoamua kama unaziba au unaezua ni mbao zilizo chini ya bati pamoja na mlalo wa paa lenyewe, na hivyo huvioni ukiwa barabarani. Kwa hiyo fuata hizi hatua, nyingine ni za dakika chache, nyingine zitakula siku nzima, ila zote ni bei rahisi kuliko bati moja.

Hatua ya 1: hakikisha kweli linavuja

Wengi wanaruka hapa. Sisi tulio karibu na ziwa hewa ina unyevu mwingi, usiku bati linapoa haraka kuliko hewa ya darini, basi ule unyevu unageuka matone upande wa chini wa bati na asubuhi yanadondoka. Unaamka unakuta doa kwenye siling bodi unasema paa limetoboka, kumbe usiku ule haikunyesha hata tone. Jasho la bati linajulikana hivi: matone ni madogo madogo yamesambaa bati zima, yanaonekana zaidi alfajiri, na doa la darini limetawanyika halina kitovu. Maji ya kuvuja yanakuwa na njia, mstari unaochuruzika kutoka sehemu moja. Kama ni jasho tafuta namna hewa ipite darini, toboa matundu kwenye dari ya nje ya upenuni uyazibe kwa wavu mdogo popo wasiingie, na kama moshi na mvuke wa jikoni unapanda moja kwa moja darini uutolee njia nje. Hapo hamna cha kuziba wala kuezua.

Hatua ya 2: panda darini, mchana jua likiwa kali

Chukua tochi, bisibisi bapa, chaki na simu ya kupigia picha, vaa barakoa maana kinyesi cha popo na vumbi la miaka sio kitu cha kuvuta, alafu zima mein switchi kabisa kabla ya kupanda kwa sababu nyaya za darini kwenye nyumba nyingi zimeungwa kwa utepe tu na panya wanazitafuna. Kanyaga juu ya kenchi tu, yaani zile mbao kuu zinazobeba paa, gipsamu haibebi mtu, utatokea sebuleni.

Ukishakaa vizuri zima tochi, subiri macho yazoee giza, utaanza kuona vitundu vya mwanga. Kila penye nukta ya mwanga piga chaki kwenye papi iliyo karibu, ule ubao wa juu ya kenchi ambao bati limepigiliwa, na hesabu zote. Kumbuka doa la darini na tundu la bati havikai sehemu moja, maji yakiingia yanatembea juu ya papi au yanashuka na kenchi mita kadhaa ndio yanadondoka, kwa hiyo anzia kwenye doa upande kufuata alama za maji kwenye mbao kwenda juu, siku zote juu, maji hayapandi mlima.

Kama huoni mwanga na bado linavuja, tafuta mtu apande na mpira wa maji. Mwagia kuanzia chini karibu na gata, dakika kama kumi hapo, ndio msogee juu kidogo, mwingine akiwa darini na tochi. Ukianzia juu maji yatashuka yapite kila mahali na hutajua yameingilia wapi.

Hatua ya 3: zijaribu mbao, hii ndio yenye uamuzi

Shika bisibisi choma kwenye mbao kwa nguvu ya kawaida ya mkono. Mbao nzima inagoma, bisibisi inaacha alama ndogo tu. Iliyooza inaingia kama kwenye muhogo uliochemka na ukiitoa inatoka na nyuzi zilizolowa. Iliyoliwa na wadudu kwa nje inaonekana safi kabisa, gonga kwa mpini usikie, inatoa mlio mtupu, na chini yake utakuta unga laini umemwagika juu ya siling bodi. Mchwa wao wanaacha vijia vya udongo vinapanda kutoka ukutani, ukiviona vunja kimoja uangalie kama kuna mchwa hai.

Jaribu sehemu hizi bila kuacha hata moja: mwisho wa kila kenchi pale inapokaa ukutani, papi za mwisho kabisa chini karibu na gata, mbao zote zilizo chini ya vale, yaani lile bonde la paa mbili zinapokutana, na fishabodi yote, yaani ubao wa pembeni unaofunika ncha za kenchi. Hizo ndizo zinazoanza kufa.

Nikupe nyumba mbili nilizopanda mwenyewe. Ya kwanza iko Kirumba, ya mama mkubwa, bati zake ni nyekundu za kutu ukiziona kwa mbali unasikitika, na fundi alishamwambia "mama hapa hamna kitu, andaa bati mpya nyumba nzima". Tulipopanda tukakuta kenchi ni mbao ngumu za zamani, bisibisi haiingii hata kidogo, vitundu vya mwanga havifiki kumi na vyote viko kwenye matundu ya misumari iliyolegea, alafu vale imejaa majani ya mwembe yaliyogeuka udongo mpaka maji yanafurika pembeni yanaingia ndani. Tukatoa yale majani, tukabadilisha bati la vale, tukang'oa misumari iliyolegea tukafunga skrubu zenye raba, kutu tukaisugua kwa brashi ya waya ndio ikapakwa praima na rangi. Mvua za masika zilipita ndani pakavu, mama mkubwa ile hela ya bati akaweka simtanki. Ya pili iko Buhongwa, bati zinang'aa bado na rangi yake, mwenye nyumba anataka tu tuzibe sehemu moja juu ya korido. Nilipogusa ncha ya kenchi ya kwanza bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini. Ya pili hivyo hivyo. Mbao zilipigwa mbichi, hazikutiwa dawa, na upande mzima wa nyuma ulikuwa umeshikwa na bati lenyewe kuliko bati kushikwa na mbao. Pale kuziba ingekuwa hatari, siku upepo wa ziwani ukipiga bati linaondoka na mbao zake juu linakwenda kwa jirani. Huyu ilibidi aezue.

Hatua ya 4: sasa ndio uangalie bati

Panda asubuhi paa likiwa kavu, na ukisikia ngurumo hata ya mbali shuka, huku kwetu radi hazitanii. Ngazi ifungwe juu kwa kamba, kanyaga kwenye mstari wa misumari maana ndio kuna papi chini, na angalia waya wa umeme unaotoka kwenye nguzo usiukaribie.

Kutu ipo ya aina mbili. Ile ya juu juu ukisugua na brashi ya waya inatoka unakuta chuma kigumu, hiyo ni kusafisha na kupaka rangi. Ile iliyokula, ukisugua vinatoka vipande kama maganda na ukisukuma na bisibisi inapita, hilo bati limekwisha na hakuna rangi ya kulifufua. Angalia sana pale bati linapolala juu ya bati lenzake, maji yanakaa humo katikati na kutu inaanzia ndani kwa hiyo juu linaweza kuonekana zima. Angalia pia chini ya matawi ya miti na sehemu ambazo kunguru na kongoti wanapenda kutua, kinyesi chao kinakula bati.

Unene nao una maana. Namba ya geji ikiwa kubwa bati ni jembamba: geji 28 inakaribia milimita 0.4, geji 30 karibu 0.3, na 32 ni chini ya hapo. Bati la geji 32 lililoanza kutoboka sikushauri ulihangaikie sana, ukilikanyaga wakati wa kuliziba unalikunja na kuongeza matundu mengine. Na walioshuhudia mvua ya mawe ya Mwakata kule Kahama Machi 2015 wanajua barafu kanda hii ipo, bati jembamba haliwezi kuhimili.

Kama nyumba ni ya zamani sana na paa ni zile shiti nene za kijivu za asbestosi, simama hapo hapo. Usikate, usitoboe, usisugue wala usivunje, vumbi lake likiingia kwenye mapafu linaleta magonjwa mabaya yanayojitokeza miaka mingi baadaye. Shiti zikiwa nzima ziache kama zilivyo, zikianza kupasuka tafuta watu wanaojua kuzishusha zikiwa zimelowanishwa, na watoto wasiwe hapo.

Hatua ya 5: mlalo, na habari ya paa za kuficha

Bati la kawaida la migongo linataka mlalo wa kutosha, chini ya nyuzi 10 hivi maji yanakwenda taratibu, na upepo ukivuma unayasukuma kurudi nyuma yaingie kwenye maungio. Paa la hivyo likivuja kwenye maungio kila mwaka na kila mwaka unaziba, shida sio bati, shida ni lilivyojengwa, na ukinunua bati mpya ukaliweka kwenye kenchi zile zile utavuja tena na bati zako mpya.

Hapa niwaongelee wenye nyumba za paa la kuficha, yale yaliyozungushiwa ukuta juu ili bati lisionekane, maana Buswelu, Kiseke, Nyasaka, Buhongwa huko ndio zimejaa na ndio zinazolia zaidi. Nyumba hizi mlalo ni mdogo, maji yote yanakusanyika kwenye mfereji wa zege nyuma ya ule ukuta wa juu, na yanatokea kwenye bomba moja au mawili tu. Jani moja la mwembe na mfuko wa nailoni vikikaa mdomoni mwa bomba, mvua ya nusu saa inatosha kujaza mfereji, maji yanapanda juu ya mwisho wa bati na kuingia darini. Kwa hiyo kabla hujaambiwa bati ni mbovu safisha mfereji, angalia nyufa kwenye plasta yake, angalia pale bati linapogusa ukuta kama pana kipande cha bati kilichokunjwa kuingia ndani ya ukuta au walipaka simenti tu. Simenti pale haidumu, bati linatanuka na jua na kusinyaa usiku, simenti inapasuka. Dawa ni kuchana mfereji mwembamba ukutani, kuingiza kipande cha bati kilichokunjwa, ndio uzibe kwa silikoni ya nje. Alafu ongeza bomba la pili la akiba juu kidogo ya lile la kwanza, likiziba la chini maji yatokee la juu na wewe ukiyaona yanamwagika hapo ujue kuna kazi ya kusafisha. Kama umeshafanya hivi na bado nyumba inalowa kila msimu, mimi ningekusanya hela taratibu nibomoe ule ukuta niezeke paa la kawaida lenye upenu. Upenu unalinda na kuta zako pia.

Hatua ya 6: amua

Mbao nzima, bati limeharibika sehemu chache: ziba. Usipigilie msumari mpya kwenye tundu la zamani lililolegea, ng'oa, weka skrubu nene zaidi yenye raba pana, au sogea pembeni kidogo ufunge upya na lile tundu la zamani ulizibe. Kwa bati la migongo funga kwenye mgongo, sio bondeni ambako maji yanapita. Na kiraka cha lami juu ya kutu ambayo haijasuguliwa hakishiki, msimu mmoja kimebanduka.

Mbao nzima, bati limekwisha upande mmoja: badilisha upande huo. Watu wanasahau hili kabisa wanadhani ni yote au basi. Upande unaopigwa na mvua na upepo wa ziwani unachakaa mapema kuliko ule mwingine, ezua huo tu, ukihakikisha bati jipya lina migongo inayolingana na la zamani kwenye maungio na kwenye kofia, lile bati la kileleni pande mbili zinapokutana.

Mbao mbovu za kuhesabika: toa bati za eneo hilo, badilisha kenchi au papi, rudisha bati kama ni zima.

Mbao mbovu sehemu nyingi, au mlalo haufai: ezua lote, hapo hakuna ujanja. Na mimi binafsi bati zikishakuwa mbovu zaidi ya theluthi ya paa huwa nashauri kuezua upande kwa upande hata kama mbao ni nzima, kwa sababu ufundi wa kupanda kila mwaka, rangi, silikoni na siling bodi zilizolowa unakula hela kimya kimya.

Hatua ya 7: hesabu ya hela na muda

Pima urefu wa nyumba pamoja na penu, zidisha kwa urefu wa mlalo kutoka kofia mpaka gata, alafu mara mbili kama paa ni la pande mbili. Mfano nyumba ya mita 10 yenye mlalo wa mita 5 kila upande ni mita za mraba 100. Ukienda hadiwea kumbuka upana unaouziwa sio upana unaofunika, bati linalalia lenzake mgongo mmoja na nusu pembeni, na kwenda chini linalaliana sentimita 15 mpaka 20, zaidi kama mlalo ni mdogo. Fundi akuandikie bei kwenye karatasi ikiwa imetenganishwa: mbao, bati, kofia, skrubu, ufundi, usafiri. Muombe bei ya kazi zote mbili, ya kuziba na ya kuezua, akuandikie zote, ulinganishe na fundi wa pili ambaye naye amepanda.

Wanaokaa milimani, Igogo, Mabatini, Bugando kule juu kwenye mawe, wekeni pembeni hela ya wabebaji. Gari linaishia barabarani, bati refu la mita sita kupita kwenye vichochoro vya mawe ni kazi na linakunjika, kwa hiyo bora uchukue mafupi ukubali maungio mengi yenye kulaliana vizuri. Na huko juu upepo ni mkali, dai kenchi zifungwe chini kwa waya mnene au nondo iliyotoka kwenye lenta, ule mkanda wa zege wa juu ya ukuta, msumari peke yake hautoshi.

Mbao ziwe kavu na zimetiwa dawa, iwe paina ya Buhindi, ya Rubya kule Ukerewe au ya Mafinga. Mbao mbichi ikikauka juu ya paa inajipinda na kuachia misumari. Zile zilizochovywa dawa ya kijani ziache zikauke kabisa kabla bati halijalala juu yake, dawa nyingi za aina hiyo zina shaba na ikiwa mbichi inakula bati.

Kuezua lote fanya kati ya Juni na Agosti, ndio kiangazi chetu cha uhakika. Januari na Februari mvua hupungua lakini usiiamini sana. Kuziba unaweza muda wowote pakiwa pakavu, ila fuatilia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya vuli na kabla ya masika, usisubiri tone la kwanza kwa sababu wakati huo mafundi wote wameshikwa na bei imepanda. Wakianza kuezua waezue kipande wanachoweza kukifunika siku hiyo hiyo, turubai liwepo hapo tangu asubuhi. Bati mpya zikifika zisilazwe chini kwenye udongo wala kuachwa zinyeshewe zikiwa zimepangana, zinaota kutu nyeupe kabla hazijapanda.

Gata usiliache nje ya hesabu. Kila milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo paa la mita 100 likipata mvua ya milimita 30 ni lita 3,000 zimeshuka, na kwa migao ya maji tunayoijua hizo ni za kukinga. Maji ya kwanza baada ya kiangazi yaache yapite, yanaosha vumbi na kinyesi cha ndege, na kama umepaka rangi mpya acha mvua kadhaa zipite ndio ukinge.

Kazi ikiisha panda tena darini mchana, zima tochi, tafuta mwanga, alafu mpira wa maji kuanzia chini kama mwanzo fundi akiwepo. Chini pitisha sumaku nyumba nzima mtoe misumari na vipande vya bati, watoto wanatembea peku hapo na bodaboda wanaingia. Na ile hela ya mwisho ya fundi mkubaliane tangu siku ya kwanza kwamba unaishika mpaka mvua kubwa ya kwanza ipite, fundi anayejiamini hakatai.